Msimwangalie Meno

Shigela mwana wa Budeba alizaliwa na uso uliokosea njia. Watu wengine moyo ukiumia, uso nao hukunjamana, macho hutoa maji, na kila apitaye anajua kwamba hapa pana msiba. Kwa Shigela mambo yote ya moyoni yalitokea lango moja, kama ng'ombe wa zizi bovu: furaha hapo hapo, woga hapo hapo, hasira na uchungu hapo hapo, na kila lililotoka lilitoka likicheka. Wala hakikuwa kicheko cha kufichia kiganjani. Kilikuwa kicheko cha meno yote, chenye sauti ya fisi aliyeshiba, na kikishaanza hapakuwa na wa kukizima, hata mwenyewe.

Wasukuma wenzake, walioshuka na mifugo kutoka Maswa hadi mbuga za Usangu, walisimulia kwamba siku aliyozaliwa mkunga alimpiga kofi ili alie, mtoto akacheka, na mkunga akatoka mbio hadi leo hajarudi kuchukua kiatu chake cha pili. Alipokuwa na miaka saba nge alimuuma kidole cha mguu. Akacheka tangu ng'ombe wanakwenda malishoni hadi wanarudi, na jioni ile maziwa yalikamuliwa yakiwa yameshaganda. Shuleni alidumu miaka miwili. Mwalimu alimpiga fimbo moja ya kuchelewa, naye kwa maumivu akacheka. Mwalimu akaona anadharauliwa, akaongeza ya pili. Maumivu yakazidi, na kicheko kikazidi. Ile fimbo moja ilifika kumi na tisa. Mwalimu akaketi chini kupumzisha mkono, na Shigela akarudi kuchunga.

Hata mke alimpata kwa kosa hilo hilo. Siku ya kwenda kwa kina Roza kujieleza, woga ulimshika akacheka mbele ya wakwe tangu salamu hadi chakula. Wazee walinuna, lakini Roza mwenyewe, aliyekuwa akichungulia nyuma ya ghala, alisema hajapata kuona mwanamume mwenye furaha kiasi kile. Akaolewa naye akijua amepata raha ya dunia. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, mvua zikagoma, ndama wakafa, na kila mara mume alicheka. Roza akachoka. Akaanza kuwaambia majirani kwamba ameolewa na mtu asiyejali kitu.

Lakini jambo lililomkaa Shigela kooni kama mfupa lilikuwa la mwaka wa sabini na moja, siku alipozikwa mzee Budeba, baba yake. Alimpenda baba yule kuliko ng'ombe, na kwa Msukuma hilo si neno dogo. Watu wakasimama kando ya zizi, kaburi likiwa wazi, wana wakijipanga kutupa udongo. Zamu yake ilipofika akainama, akashika udongo, na kicheko kikamtoka mbele ya ukoo mzima.

Baba yake mdogo, Seni, alimkamata mkono akaukung'uta mpaka udongo ukamwagika wote.

"Toka hapa," alimwambia. "Ukamcheke baba yako huko mbali."

Basi Shigela akamzika baba yake akiwa nyuma ya uzio wa miiba, akisikiliza madongo yakidondoka, huku akicheka peke yake mpaka mbavu zikamuuma. Siku ile alijiapia kwamba mtu wake mwingine wa karibu akifa, atatupa udongo kwa mkono wake hata kama itabidi ajishone midomo.

Miaka miwili baadaye akaenda kutafuta kazi kwenye ujenzi wa reli, katika kambi moja upande wa Makambako, na huko ndiko alikokutana na Yotamu.

Yotamu alikuwa Mhehe wa Idodi, mrefu, mwembamba, na mguu wake wa kushoto ulirushwa kando alipotembea, kama mtu anayefukuza kuku asiyeonekana. Alikuwa na tabia ya kuvuta ndewe ya sikio kabla ya kusema neno la maana, kisha anaanza: "Sikilizeni, mabwana." Kambi nzima walimwita Bwana Sikilizeni.

Siku moja Shigela aliletewa habari kutoka nyumbani kwamba fahali wake amekufa, yule mwenye pembe zilizokuwa pana hata ndege wakubwa walitagia pembe moja na kulalia nyingine. Shigela alicheka mpaka akaliangusha jembe. Wenzake nao wakacheka. Kicheko chake kilikuwa kinaambukiza kama upele. Yotamu peke yake hakucheka. Alimtazama kwa muda mrefu, akavuta ndewe.

"Sikilizeni, mabwana. Msimwangalie meno. Mwangalieni mikono. Huyu analia."

Watu wakatazama. Kweli, vidole vya Shigela vilikuwa vinatetemeka kama miguu ya ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo. Shigela mwenyewe alivitazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka thelathini, na hakuna mtu, hata mama yake mzazi, aliyewahi kumwambia.

Alipomuuliza amejuaje, Yotamu alisema ni mguu wake uliomfundisha. Tangu utotoni watu walikuwa wakimtazama mguu na kusahau kumtazama usoni, akapata nafasi ya kuwatazama wao bila kujulikana. Akagundua kwamba mtu huchunga sehemu moja tu ya mwili wake, na hisia iliyofukuzwa hapo huhamia kwingine. Kwa Shigela uchungu ulikuwa umehamia vidoleni, hasira ilimfanya afiche vidole gumba ndani ya ngumi, na akifurahi kweli mikono ililala tu kama paka.

Tangu hapo Yotamu akawa mkalimani wake. Mwisho wa mwezi waliposafiri hadi Mbeya kutembea, mtu mmoja wa baiskeli alimgonga Shigela pale Mwanjelwa, kisha, juu ya hayo, akamtukana. Shigela akacheka. Mtu yule akaona anadhihakiwa, akashuka akiwa ameshika pampu. Yotamu akafika akirusha mguu, akavuta ndewe, akaeleza habari ya vidole gumba, na mwenye baiskeli akaviangalia, akaona ngumi zimeiva, akaomba radhi. Wakanywa chai pamoja. Kwa miaka miwili ile Shigela aliishi kama watu wengine. Aliweza kukasirika, akaeleweka kwamba amekasirika. Ni kitu kidogo kwa aliyezaliwa nacho.

Reli ikaisha, kambi ikavunjwa. Mchina mmoja alimwachia Yotamu koti lake la bluu lililojazwa pamba na kushonwa mistari mistari, na Yotamu akalivaa hata jua kali. Wakaagana. Mmoja akarudi Idodi, mwingine Usangu, kwa Roza, ambako alicheka kama zamani na kama zamani hakueleweka.

Ilikuwa mwaka wa sabini na saba, mpunga ukiwa umeanza kuinama, jirani aliyekuwa na redio alipokuja kumwita. Katika matangazo ya vifo amesikia jina la Yotamu wa Idodi, aliyewahi kufanya kazi ya reli. Ameuawa na kichomi, na maziko ni keshokutwa, ndugu yake anasubiriwa kutoka Dar es Salaam. Shigela alicheka. Roza akaondoka pale kwa hasira, akasema hata habari za maiti kwake ni sherehe.

Kesho yake alidandia lori la mpunga hadi Iringa, na alfajiri ya siku ya maziko akapata lori jingine lililokuwa likienda kuchukua tumbaku. Njia nzima alifanya mazoezi ya kununa. Aliyavuta mashavu chini kwa vidole, akauma midomo, akajikumbusha zile fimbo kumi na tisa, jambo ambalo lilizidisha ubaya. Abiria wakamuuliza anakwenda harusini kwa nani. Iringa mjini alikuwa amenunua vidonge vya kwinini, akikusudia kuutia uso uchungu kwa nguvu, na alipoteremka karibu na Idodi akatafuna vitatu kwa mpigo bila maji. Masikio yakavuma kama nyuki wamejenga humo. Ulimi ukajikunja. Akajipapasa usoni, akaona kweli umenuna, akashika njia kwa matumaini.

Uso ulidumu umenuna mpaka uani. Wanawake walikuwa wakilia, wanaume wameketi kwenye magogo. Shigela alikwisha toa salamu ya Kihehe, "Kamwene", vizuri kabisa, kama alivyofundishwa na Yotamu, kisha akaliona lile koti la bluu limetundikwa kwenye kigingi ukutani, mikono ikining'inia. Kicheko kikapasuka. Kwinini yote ikaruka.

Kilio kikakatika. Kijana mmoja akainuka na fimbo, lakini mzee Saulo, baba mdogo wa marehemu aliyesimamia mazishi, akanyoosha mkono kumzuia, na uso wake ukakunjuka.

"Mwache," alisema. "Huyo Mngoni. Watani wamefika."

Kosa hilo lisingetokea mahali pengine. Wahehe na Wangoni walipigana zamani wakachoka, wakaamua kutaniana, na Mngoni akifika penye msiba wa Mhehe ana ruhusa ya kufanya mambo ambayo mwingine akiyafanya atapasuliwa kichwa. Anaicheka maiti. Anavaa nguo za marehemu na kumwiga. Analala ndani ya kaburi akikataa kutoka mpaka apewe kuku. Msiba wenye watani ni msiba wa mtu mwenye heshima. Basi mgeni asiyejulikana, amefika kutoka mbali, anacheka mbele ya maiti: angekuwa nani mwingine?

"Baba, mimi si Mngoni," Shigela alisema, akicheka. "Mimi Msukuma, nimetoka Usangu. Nimekuja kulia."

Mzee Saulo alifuta macho. "Mmemsikia? Amekuja kulia. Wangoni wa siku hizi wamesoma."

Uwanja ukacheka. Shigela akajaribu tena. Akasema marehemu alikuwa kama ndugu yake, akasema tangu juzi hajala, akasema moyo unamuuma, na kila neno lilipokelewa kwa kicheko kikubwa kuliko la kwanza, kwa sababu nani amewahi kuona mtani anayejua kazi kiasi hicho? Bibi mmoja akampaka jivu usoni. Wengine wakamsukuma kuelekea kaburini. Alitamani kuwapiga. Vidole gumba vilikuwa vimezama ndani ya ngumi zote mbili, na katika umati ule wote hapakuwa na hata mmoja aliyejua pa kutazama. Aliyejua alikuwa ndani ya sanduku.

Sasa, kaburini mtani mwenyewe alikuwamo. Timotheo, fundi cherehani, Mngoni wa pekee pale Idodi, alikuwa amelala chali ndani ya shimo, amevaa sketi ya mke wake, ameshika mwiko kifuani kama askofu, akidai kuku. Aliposikia watu wanacheka na yeye bado hajasema kitu, akatoa kichwa.

"Nani huyo anakula kazi yangu?"

"Mwenzako wa Songea," wakamjibu.

"Sitoki Songea," Shigela alisema.

"Hata mimi nikiwa na kesi huwa sitoki Songea," Timotheo alisema, akijipandisha kwa viwiko. Alimzunguka Shigela mara mbili, sketi ikiburura udongo. Akatangaza kwamba kucheka kila mjinga anaweza, na mtani hupimwa kwa kumwiga marehemu. Akaamuru koti liletwe. Kama huyu mgeni hawezi, aondoke uwanjani kabla ya jeneza kutoka.

Koti likaletwa. Shigela akalishika. Lilikuwa bado lina harufu ya tumbaku na dizeli. Akikataa, atafukuzwa, na madongo atayasikiliza tena kutoka nyuma ya uzio. Akikubali, atamfanyia rafiki yake mzaha siku ya kuzikwa. Alisimama hapo akicheka, jasho likimchirizika hadi kwenye nyayo, watu wakimpigia makofi aharakishe.

Akavaa.

Hakuwa na haja ya kufikiri. Miaka miwili alikuwa ametembea nyuma ya mguu ule kwenda kazini. Akaurusha wa kushoto kando, akafukuza kuku asiyeonekana, akakata uwanja kutoka kaburini hadi mlangoni. Watu wakacheka, halafu wakapunguza. Mbwa wa Yotamu, aliyekuwa amelala kwenye jivu siku tatu bila kugusa chakula, akainuka akamfuata akitikisa mkia. Wanasema hata jogoo wa nyumba ile alikimbia kando, kwa mazoea. Shigela akasimama mbele ya watu, akavuta ndewe ya sikio.

"Sikilizeni, mabwana," alisema, na sauti ilikuwa ile ile.

Wanawake wakashika vinywa.

"Msimwangalie meno. Mwangalieni mikono. Huyu analia."

Kisha mzee Saulo akajiegemeza kwenye mpini wa jembe akacheka mpaka akakohoa, na uwanja mzima ukamfuata. Walisema tangu mazishi ya jumbe hawajaona utani kama ule: mtu anacheka kama fisi, halafu anasema analia. Shigela akaona imekwisha. Alikuwa ameisema kweli yake kwa kinywa cha mtu pekee aliyewahi kuaminiwa, na hata huyo hawakumwamini.

Mama yake Yotamu hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni. Sasa akainuka, akapita katikati ya watu, akaishika mikono ya Shigela yote miwili. Hakumtazama usoni hata kidogo. Alivitazama vidole, jinsi vilivyokuwa vinagongana ndani ya viganja vyake.

"Wewe ndiye mwenye fahali," alisema.

"Ndiye mimi, mama."

"Alikuwa akija likizo, namuuliza habari za treni. Ananisimulia vidole vyako tu."

Akamgeukia mzee Saulo, akamwambia huyu atatupa udongo pamoja na wenye msiba. Mzee Saulo akamkumbusha kwa upole kwamba utaratibu haupo hivyo. Mtani hatupi udongo na wana, mtani anapewa kuku.

"Kuku utampa baadaye, shemeji. Sasa mpe njia."

Kwa heshima ya mama, wakampa. Jeneza likashushwa. Shigela akasimama kati ya mama na ndugu aliyetoka Dar es Salaam, akainama, akachota. Vidole vilitetemeka kiasi kwamba udongo ulimponyoka wote ukamwagikia miguuni mwake, na nyuma yake watu wakaguna kwa kicheko, wakidhani ni vituko. Akainama tena. Mara ya pili akaufunga ndani ya ngumi, akaunyoosha mkono mpaka juu ya sanduku, akafungua. Akausikia ukidondoka, safari hii kutoka karibu. Alicheka kwa sauti mpaka kaburi likajazwa.

Baadaye Timotheo alimfuata pembeni. Alikuwa amevua ile sketi, ameikunja kwapani.

"Mimi nacheka kwenye misiba hapa mwaka wa kumi na mbili," alisema polepole. "Kicheko cha kazi hakitoi jasho namna hiyo. Nisamehe, ndugu yangu."

"Basi waambie."

"Nimewaambia. Wamecheka." Timotheo akatazama chini. "Mimi ndiye mtani. Nani ataniamini?"

Wakati wa kuondoka mzee Saulo akamkabidhi kuku jike mwekundu, haki ya mtani. Shigela akakataa. Wakacheka, wakasema mtani anayekataa kuku hajawahi kuonekana, wakamwongezea wa pili. Mama yake Yotamu akamvalisha lile koti mabegani. Na huko Idodi, kwa muda mrefu, penye msiba usiochangamka wazee walinung'unika kwamba laiti angekuwapo yule Mngoni wa Usangu.

Alifika kwake siku ya pili, mchana, koti la pamba mwilini katika joto la mbugani, kuku wawili kwapani, na meno yote nje. Roza alikuwa akipepeta mpunga. Akamtazama mume, akatazama koti, akahesabu kuku.

"Harusi ilikuwa ya nani?" aliuliza.

Shigela akawaachia kuku. Akainyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja chini, akaiacha hapo.

Roza akadhani anataka kunawa. Akanyanyuka kwa kunung'unika, akaleta maji kwenye beseni, akaishika mikono ile akaitumbukiza. Udongo mwekundu wa Idodi ukaachia chini ya kucha. Maji yakaanza kutetemeka, mviringo juu ya mviringo, yakagonga ukingo wa beseni na kumwagika, na hapakuwa na upepo hata wa kupeperusha pumba. Roza akaangalia maji. Kwa mazoea akainua macho kumtazama usoni, akaikuta ile mijino. Akayarudisha macho kwenye maji, na hapo akayaacha muda mrefu, bila kuuliza tena harusi ilikuwa ya nani.